Kujua Si Kutenda: Kwa Nini Kila Mhudumu Afundishwe Saikolojia ya Afya

Neno saikolojia linapotajwa katika zahanati, watu wengi hufikiria Mirembe, ile hospitali ya Dodoma inayojulikana kwa kutibu magonjwa ya akili. Ndiyo maana mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu anapolikuta somo la saikolojia ya afya katika ratiba yake, huliona kuwa ni la watu wengine. Hulisoma ili afaulu mtihani, kisha hulisahau. Jambo hilo lina gharama kubwa, na gharama hiyo hulipwa na wagonjwa.

Saikolojia ya afya si tiba ya wendawazimu. Ni taaluma inayochunguza jinsi fikra, hisia, mazoea na mahusiano ya mtu yanavyochangia kuugua kwake, kutafuta kwake tiba, kutumia kwake dawa na kupona kwake. Inamhusu mama mjamzito, mgonjwa wa kisukari, mwenye presha na mwenye kifua kikuu. Inamhusu pia mhudumu anayewapokea, kwa kuwa yeye naye ana fikra, hisia na mazoea.

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hili. Songwa ni kata ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, katika eneo la mgodi wa almasi wa Mwadui. Huko kilimo na ufugaji huenda pamoja na uchimbaji mdogo, na rashi ya dhahabu ikisikika Geita au Kahama, baadhi ya vijana hufunga mizigo. Kijana mmoja wa aina hiyo, aliyewahi kufanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe, anakohoa kwa miezi miwili. Ananunua dawa ya kikohozi dukani, kisha vidonge vya antibayotiki. Ndugu zake wanampeleka kwa mganga wa jadi. Mwishowe anafika kituo cha afya, makohozi yanapimwa, na anaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6. Anaambiwa, "Meza kila siku, usiache." Anaitikia. Katika wiki ya sita kikohozi kimekata na nguvu zimerudi. Rafiki anapiga simu kwamba kuna rashi Nyarugusu. Kijana anaondoka, na katika lugha ya kazini anaitwa mtoro.

Neno hilo hufunga mjadala. Humfanya mgonjwa aonekane mkaidi au mjinga, na humfanya mhudumu aamini kwamba wajibu wake ulikwisha pale aliposema "usiache". Hoja ya makala haya ni kwamba wajibu huo haukwishi hapo. Kumpa mtu maarifa ni kazi moja, na kumsaidia atende ni kazi nyingine yenye mbinu zake. Mbinu hizo zinafundishika, na kila chuo kinachoandaa wahudumu wa afya kinapaswa kuzifundisha kama ujuzi wa kazi na si kama nadharia ya kukariri.

Taaluma iliyoanza na swali la kifua kikuu

Inafaa wanafunzi wa Kanda ya Ziwa wajue kwamba moja ya nadharia za mwanzo za saikolojia ya afya ilizaliwa katika mapambano dhidi ya kifua kikuu. Katika miaka ya 1950, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa ikipima vifua kwa eksirei ili kuugundua ugonjwa huo mapema, lakini watu wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum aliwahoji zaidi ya watu 1,200 katika miji ya Boston, Cleveland na Detroit. Alitaka kujua mambo mawili: je, mtu anaamini kwamba yeye mwenyewe anaweza kuugua? Na je, anaamini kwamba kupimwa mapema kuna faida? Kati ya walioamini yote mawili, asilimia 82 walikuwa wamekwisha kupigwa eksirei kwa hiari. Kati ya wasioamini hata moja, walikuwa asilimia 21 tu.

Kutokana na kazi hiyo, Hochbaum na wenzake waliunda nadharia ya imani kuhusu afya. Kiini chake ni rahisi. Mtu huchukua hatua anapoona kwamba hatari inamhusu, kwamba madhara yake ni makubwa, kwamba hatua anayoshauriwa ina faida, na kwamba vikwazo vyake vinavukika. Mwaka 1977, daktari George Engel aliandika kwamba tiba inayotazama mwili peke yake haitoshi, na kwamba ugonjwa wa mtu hauwezi kueleweka bila nafsi yake na jamii yake. Mwaka uliofuata, wanasaikolojia wa Marekani waliunda kitengo rasmi cha saikolojia ya afya ndani ya chama chao. Kwa hiyo taaluma hii si ngeni wala si pambo. Ilianzishwa na watu waliochoka kuona huduma nzuri ikikosa watumiaji.

Somo lililopatikana nyumbani

Hata hivyo, ushahidi ulio karibu zaidi hautoki Boston. Mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika mkoa wa Mwanza, katika jamii 20 za vijijini za wilaya za Sengerema, Geita, Misungwi na Kwimba. Wakati huo Geita ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Mwanza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na shirika la AMREF zilikuwa miongoni mwa waendeshaji wake. Katika jamii 10, wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi walifundishwa afya ya uzazi, wahudumu wa vituo vya afya walipewa mafunzo ya kuwapokea vijana kwa heshima, na kondomu zilisambazwa vijijini. Jamii nyingine 10 zilitumika kwa ulinganisho. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yanastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa afya. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na mitazamo waliyoieleza ikawa bora. Lakini maambukizi ya virusi vya UKIMWI na mimba hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Tathmini iliyofanywa miaka kadhaa baadaye ilionyesha picha ileile: maarifa yalikuwa yamedumu, ila maambukizi hayakuwa yamepungua.

Wapo wanaoweza kusema mradi ulishindwa. Ni sahihi zaidi kusema kwamba ulijibu swali kwa ukweli ambao miradi mingi huukwepa. Ulionyesha kwamba msichana anaweza kujua kila kitu kuhusu kondomu na bado asiwe na sauti ya kuidai mbele ya mwanamume aliyemzidi umri na fedha. Kijana anaweza kujibu mtihani wote na bado akafuata desturi ya rika lake. Tabia ya mtu haikai kichwani mwake peke yake. Inakaa pia katika mfuko wake, katika familia yake na katika macho ya jirani zake. Mhudumu asiyefahamu hilo ataendelea kuhubiri, kisha atawalaumu wasikilizaji wake.

Vitisho, aibu na ramani

Katika vituo vingi, mbinu inayotumiwa zaidi ni kutisha. "Usipomeza dawa utakufa." Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Baadhi walipewa maelezo ya kutisha sana, wengine maelezo ya upole. Vitisho viliongeza hofu na nia, lakini havikutosha kuwapeleka watu kwenye chanjo. Kilicholeta tofauti ni kitu kidogo: wanafunzi walipopewa ramani inayoonyesha kituo kilipo na kuombwa watazame ratiba zao wachague siku, karibu asilimia 28 walikwenda kuchanjwa. Wale wasiopewa mpango huo walikwenda asilimia 3 hivi.

Somo lake kwa Kishapu ni dhahiri. Badala ya kumwambia mchimbaji "usiache dawa", mhudumu anaweza kumuuliza, "Ukipata habari za rashi, huwa unakwenda wapi? Utasafiri na nani? Dawa utaziweka wapi ukiwa kwenye duara? Utapita lini kuchukua barua ya uhamisho ili uendelee na dawa huko?" Maswali hayo hayachukui dakika 5. Yanampa mgonjwa ramani yake mwenyewe.

Kikwazo kingine ni aibu. Wanaume wa Iringa na Njombe waliohojiwa na watafiti kuhusu tohara ya kitabibu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walieleza kwamba waliona haya kukaa foleni moja na watoto. Walijua faida ya tohara. Kilichowazuia ni benchi la kusubiria. Hapo tatizo halikuwa ukosefu wa elimu, na mabango zaidi yasingelitatua.

Mwili, nafsi na maelezo ya ugonjwa

Kuna wanaokubali kwamba saikolojia huathiri tabia, lakini wakadhani kwamba mwili wenyewe hauguswi. Utafiti wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, uliwalinganisha wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na wanawake wa umri wao wasiokuwa na mzigo huo. Wote walifanyiwa kidonda kidogo cha kipimo kilekile. Vidonda vya wauguzaji vilichukua takribani siku 9 zaidi kupona. Msongo wa mawazo wa muda mrefu uliacha alama yake kwenye ngozi.

Katika ukanda wa dhahabu uhusiano huo huenda pia kinyume: kemikali huingia mwilini na kuibadili nafsi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma, mara nyingine karibu na makazi. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huleta kutetemeka kwa mikono, usahaulifu, kukosa usingizi na hasira za ghafla. Nyumbani mtu huyo huonekana mlevi, mkorofi au aliyerogwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haumfikii mgonjwa mpaka mhudumu atakapomuuliza mtu mwenye hasira zisizoeleweka, "Unafanya kazi gani, na dhahabu mnaichomea wapi?"

Swali la chanzo cha ugonjwa ni zito kuliko linavyoonekana. Kila mgonjwa huja na maelezo yake. Mwenye presha huamini kwamba huijua inapopanda kwa sababu kichwa humgonga. Utafiti wa Meyer, Leventhal na Gutmann wa mwaka 1985 uliwakuta wagonjwa wengi nchini Marekani wakiamini hivyohivyo, na wakizitumia dawa kwa kufuata hisia hizo. Huko Bagamoyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi degedege, mitukutiko inayoweza kuletwa na malaria kali, lilivyohesabiwa kuwa ugonjwa wa nguvu zisizoonekana. Kwa sababu hiyo wengi walianza kwa mganga, na wapo walioogopa kwamba sindano ingemuua mtoto. Hofu ya namna hiyo hujilisha yenyewe. Mtoto huchelewa, hufika akiwa mahututi, huchomwa sindano, hufariki, na wote walioshuhudia huondoka na uthibitisho mpya.

Mkoani Shinyanga na katika mikoa jirani, maelezo ya ugonjwa yamewahi kugharimu maisha ya watu wasiougua. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho yao mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi. Wekundu huo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupika katika moshi wa kuni na samadi kavu. Familia iliyofiwa na mtoto bila kuelezwa kilichomuua haitakaa bila jibu. Italitafuta kwingine, na jibu hilo linaweza kuwa na jina la mwanamke mzee wa mtaa wa pili. Mhudumu anayekaa na wafiwa akawaeleza chanzo cha kifo kwa lugha wanayoielewa anafanya kazi ya kinga, ingawa hakuna fomu inayoihesabu.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la muda. Foleni ni ndefu, watumishi ni wachache, na muuguzi mmoja hulea kliniki nzima. Pingamizi hili ni la kweli, na haliondolewi kwa kumhimiza muuguzi awe na moyo wa huruma. Ni lazima litazamwe kwa hesabu. Dakika 5 zinazookolewa siku ya kwanza hulipwa kwa saa nyingi mgonjwa anaporudi akiwa na kifua kikuu sugu au kiharusi. Aidha, mhudumu aliyechoka ni suala la saikolojia ya afya kama alivyo mgonjwa. Anayekemea wajawazito mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu aliyeachwa peke yake na mzigo usiobebeka. Somo hili likifundishwa vizuri litamsaidia autambue uchovu wake, na litawasaidia viongozi wake waone kwamba kumpumzisha ni sehemu ya ubora wa huduma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema kwamba kijana wa Songwa hakuacha dawa kwa sababu ya fikra zake, bali kwa sababu ya njaa. Kwamba saikolojia inamtwisha maskini lawama za umaskini wake. Onyo hili lipokewe kwa heshima. Ikiwa saikolojia ya afya itafundishwa kama ufundi wa kuwabadili watu huku mazingira yao yakiachwa yalivyo, basi itakuwa lawama iliyovaa koti jeupe. Lakini kijana huyo anahitaji vyote viwili. Anahitaji dawa zitakazomsubiri Nyarugusu na mwajiri asiyemfukuza kwa kuugua. Anahitaji pia mtu wa kumweleza kwamba kupona kikohozi si kuondoka kwa vijidudu, na kwamba mawe aliyoyasaga yameacha vumbi mapafuni linaloongeza hatari ya kifua kikuu. Mhudumu hawezi kuumaliza umaskini, lakini anaweza kupanga tiba akiwa ameuzingatia.

Namna ya kulifundisha

Vyuo havihitaji majengo mapya ili kuanza. Vinahitaji kulitoa somo hili kwenye ubao na kulipeleka wodini na vijijini. Mwanafunzi asiulizwe tu jina la nadharia na mwaka wake. Apimwe mbele ya mgonjwa: je, amesalimia kabla ya kuomba kadi? Kijana anayemwambia mzee shikamoo, au anayemwamkia mama wa Kisukuma mwangaluka asubuhi, amekwisha kuanza tiba. Je, ameuliza maswali aliyoyapendekeza daktari Arthur Kleinman tangu miaka ya 1970: wewe mwenyewe unadhani ugonjwa huu umeletwa na nini, unaogopa nini zaidi kuhusu ugonjwa huu, na unatarajia tiba hii ikufanyie nini? Je, amemwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, bila kumfanya ajione anatahiniwa? Je, wamepanga pamoja siku, mahali na mtu wa kusaidia?

Maswali hayo yafundishwe kwa Kiswahili, na pale inapowezekana kwa lugha ya wagonjwa. Mwanafunzi anayejua saikolojia ya afya kwa Kiingereza peke yake ana ufunguo usioingia kwenye kufuli la zahanati yake.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayetumia mitishamba aseme anaitumia. Aliyeacha dawa aeleze sababu, hata kama ni nauli au chakula. Asiyeelewa aombe aelezwe tena, maana hiyo ni haki yake na si usumbufu. Lakini ukweli huo hautatoka kinywani mwa mtu anayejua kwamba akiusema atafokewa. Watu wengi huficha maradhi si kwa kupenda kuficha, bali kwa sababu mara ya mwisho waliposema ukweli walijuta. Kuwaondolea majuto hayo ni kazi ya mhudumu, na ni kazi inayofundishika.